Simu ya mama nimeiweka kwa Kiswahili. Mwezi wa tatu sasa, nirudishe Kiingereza?

Binti_Mkubwa:

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, na wengine habari zenu.

Naomba ushauri, na naomba msiniishie kwenye "Kiswahili hakifai kwa teknolojia" wala "tukuze lugha yetu". Nimeshaambiwa yote mawili na hakuna lililonisaidia.

Mama yangu ana miaka 68. Kiswahili anasoma vizuri sana, Kiingereza hana. Miezi mitatu iliyopita nilimbadilishia lugha ya simu, kila kitu kikawa Kiswahili. Mengi yamekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. "Mipangilio", "Arifa", "Tafuta", hivyo anavitumia bila kuniita. Siku ya kwanza nilimwambia abonyeze "Pakua" nikajiandaa kumweleza maana yake. Akanijibu, "Si ndiyo kutoa mle kuleta huku?" Mimi nimelitumia neno hilo miaka mingi bila kuliona hivyo.

Tatizo lilianza alipokuwa anamtumia mdogo wangu picha 14. Zilikuwa zinakwenda polepole, hesabu imefika 9, akagusa skrini kwa bahati mbaya. Kikatokea kisanduku: "Ungependa kughairi?" Chini yake vitufe viwili: "Ghairi" na "Sawa". Akanipigia kwa simu ya jirani. Nikamwomba anisomee, akasoma taratibu, mara mbili. Kisha akasema, "Mimi sijaghairi kitu. Nilitaka kutuma na bado nataka kutuma. Mbona inaniuliza kama nimeghairi?"

Kwake kughairi ni kubadili nia. Ulisema utasafiri, ukaghairi. Wala hakukosea, ndiyo maana ya neno. Mimi niliyesoma ndiye niliyemwambia abonyeze "Sawa", nikidhani mambo yatakuwa sawa. Picha zikasimama, zile 9 nazo hazikufika.

Mengine ni madogo ila yanachosha. Alitoka kwenye kikundi kimoja akaandikiwa "Kikundi imefutwa". Akaniuliza, "Huyu aliyeandika bado anajifunza?" Na kibodi ndiyo inamkatisha tamaa kabisa. Akiandika "mimi" inageuka "mini", "kama" inageuka "karma", na neno kama "nimewasikia" linapigiwa mstari mwekundu kana kwamba amekosea. Mama yangu hakosei Kiswahili. Inaniuma kumwona anafuta neno sahihi kwa sababu mashine imelikataa.

Nirudishe Kiingereza akariri alama na rangi tu? Au kuna njia? Na hawa wanaotafsiri ni akina nani, wanafikika?

Kipanga_Mwangavu:

Dada, pole. Ila shida unayoieleza ni ya maneno. Hatujakubaliana. Fungua habari za teknolojia leo: AI hiyohiyo, huyu kaandika akili bandia, yule akili mnemba, wa tatu akili unde. Nenosiri au nywila? Kompyuta au tarakilishi? Kenya utasikia rununu, Tanzania simu ya mkononi. BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, ipo tangu 1967 na bado kila mtu anatumia lake. Msamiati ukisanifiwa, watengenezaji nao watafuata, na mama yako hatahangaika. Kwa sasa rudisha Kiingereza.

Mfasiri_Mkongwe:

Marahaba, binti.

Kipanga, nakupinga kwa heshima. Rudia kusoma alichoandika. Ni wapi mama amekwama kwa sababu ya neno geni? Pakua amelielewa kabla hajafundishwa, kwa sababu limejengwa na sarufi anayoitumia tangu utotoni: pakia na pakua, funga na fungua, bandika na bandua. Ghairi analijua kuliko aliyelitafsiri. Na kila siku anatumia neno "simu", ambalo asili yake ni Kiajemi, maana yake waya. Wazee wetu waliposema "nimepata simu" walimaanisha telegramu. Leo simu haina waya na hakuna aliyewahi kukwama kwa hilo. Mtu huzoea jina lolote ukimpa muda. Mnemba au unde, atazoea. Asichoweza kuzoea ni sentensi iliyovunjika.

Nimetafsiri programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzirekebisha, kwa kujitolea miaka mingi, acha nikueleze kinachotokea upande wetu. Mfasiri haoni skrini. Anapewa orodha ya vipande, mamia kwa maelfu, safu ya kushoto Kiingereza, ya kulia tupu. Kipande kimoja ni neno moja, lenye maana ya "acha" au "sitisha" au "funga hiki kisanduku", na huambiwi ni kipi. Kingine, labda vipande 300 baadaye, ni swali "Ungependa…?" Umetafsiri la kwanza Jumatatu, la pili umelitafsiri Alhamisi, au kalitafsiri mwenzako. Yanakuja kukutana kwa mara ya kwanza kwenye kiganja cha mama yako.

Dawa ya kisanduku kile ni kutaja kitendo chenyewe juu ya kitufe. "Acha kutuma" na "Endelea kutuma". Hata swali la juu likiwa baya, vitufe vinajieleza.

Sasa "Kikundi imefutwa". Hapo mfasiri alipewa alama ya nafasi ikifuatiwa na neno moja la Kiingereza lisilobadilika. Kwenye nafasi ile programu itatia chochote: faili, kikundi, waraka, picha. Kiingereza hakijali. Kiswahili kinataka kikundi kimefutwa, waraka umefutwa, jina limefutwa. Mfasiri ana nafasi moja tu ya kujaza, akachagua "imefutwa" akiombea kitakachoingia kiwe cha ngeli ya I-ZI. Niliwahi kufanya hivyo mimi mwenyewe, na ninajuta, kwa sababu njia ilikuwepo: geuza sentensi. Badala ya kitu kufutwa, mtu afute. "Umefuta kikundi." "Umefuta waraka." "Umefuta picha 3." Kiambishi kinashika nafsi, kitu kinakaa mwisho, na ngeli haigusi kitenzi. Sentensi moja inatosha kwa majina yote. Na ndivyo tunavyoongea. Hakuna mtu anayemwambia mwenzake "taa imezimwa na wewe".

Kazi hii si mpya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Maneno mengi tunayoyaona kawaida leo yalipitia mikono ya watu wa namna ile, wanafunzi na walimu wachache waliokaa wakabishana kila neno. Kilichobaki nyuma ni sentensi.

Fundi_Msimbo:

Niongeze upande wa programu, kwa sababu Mzee amegusa penyewe.

Suala la idadi limeshatatuliwa. Kuna hazina inaitwa CLDR, chini ya Unicode, shirika linalosanifu maandishi ya kompyuta, inayoorodhesha kila lugha inahesabu vipi. Kiarabu kina makundi 6 ya idadi, Kiswahili 2. Ndiyo maana "picha 1 imefutwa" na "picha 3 zimefutwa" zinaweza kutoka vizuri. Ngeli haina mlango wake rasmi. Ila mfumo wa kupanga ujumbe uitwao ICU, ambao programu nyingi zinautumia, una kipengele cha kuchagua kilichozoeleka kwa jinsia za lugha kama Kifaransa. Hakuna kinachozuia kuweka ngeli humo. Nimejaribu kwenye programu yangu ndogo, inafanya kazi. Lakini ni mtengenezaji anayetakiwa kufungua hiyo nafasi. Mfasiri peke yake hawezi.

Kibodi ni jambo jingine, na hapa namtetea mama kwa hesabu. Kisahihishaji cha kawaida kinashika orodha ya maneno. Kwa Kiingereza kitenzi kimoja kina maumbo manne au matano, unaorodhesha yote unamaliza. Kwetu chukua "sikia". Nafsi 6: ni, u, a, tu, m, wa. Njeo 6 tu: na, li, ta, me, ki, nge. Viambishi vya watendwa 5: ni, ku, m, tu, wa. 6 mara 6 mara 5 ni maumbo 180, toa machache yasiyosemeka. Na hapo hujakanusha, hujagusa ngeli nyingine, hujafika kwenye sikika, sikiza, sikilizana. Kila kimoja kinaanza hesabu upya. "Nimewasikia" si kosa. Halikuwahi kuorodheshwa, basi. Inatakiwa programu inayolichambua neno, ni-me-wa-sikia, badala ya kulitafuta kwenye orodha.

Dada, zima usahihishaji wa kujiendesha, uache mapendekezo ya juu ya kibodi. Ondoa pia kibodi ya Kiingereza kabisa kwenye simu yake. Zikiwepo mbili, ya Kiingereza ndiyo inayoleta "karma".

Mama_Wawili:

Samahani Mfasiri, "umefuta" haitoshi kila mahali. Mimi niliwahi kuandikiwa "Umefuta ujumbe" kwenye kundi la familia wakati aliyefuta ni msimamizi. Nililaumiwa na shemeji zangu wiki nzima kwa kitu ambacho sikukigusa. Ukimtaja mtu kwenye kitenzi, hakikisha ndiye.

Na kuna hili la saa. Baba yangu akiona 8:00 kwenye skrini anasoma "saa mbili" bila hata kufikiri, jicho limezoea. Shida ilianza alipowasha ile sauti inayosoma skrini kwa sababu macho yamechoka. Ikamsomea "saa nane". Akaamini masikio yake, akakaa kusubiri hadi mchana. Maandishi yaleyale, jicho linajua, sauti haijui.

Mfasiri_Mkongwe:

Mama Wawili, umenirekebisha na nakushukuru. Kama ni mwingine, atajwe: "Msimamizi amefuta ujumbe." Bado mtu yuko mbele na kitenzi kinamfuata, sarufi haivunjiki. Nilichopendekeza ni kuanza na mtendaji, na mtendaji si lazima awe msomaji. Ningepaswa kulisema.

Hilo la saa linanihuzunisha, kwa sababu ni uzembe. Anayesoma kwa sauti anazungumza, na anayezungumza Kiswahili asubuhi ile husema saa mbili. Hakuna njia mbili.

Kipanga_Mwangavu:

Nimesoma yote. Kwenye ngeli mmenishinda, sikuwa nimeliona. Kwenye istilahi bado nasimama: mtu akisoma habari moja yenye akili mnemba na nyingine yenye akili bandia, atadhani ni vitu viwili. Mjomba wangu alinipigia kuniuliza ipi ndiyo hatari kati ya hizo. Msamiati una uzito wake, Mzee.

Dada, nafuta ushauri wangu wa Kiingereza. Ila kama kuna programu moja tu inayosumbua, kuanzia Android 13 ya mwaka 2022 unaweza kuchagua lugha ya kila programu peke yake, kwenye mipangilio ya lugha. iPhone nazo zina hilo tangu iOS 13. Huna haja ya kuiadhibu simu nzima.

Binti_Mkubwa:

Nimerudi baada ya siku tano. Asanteni sana, kila mmoja.

Kiswahili kimebaki. Kibodi ya Kiingereza nimeiondoa na usahihishaji nimeuzima. Mistari myekundu bado ipo lakini maneno hayageuki tena. Jana kanitumia ujumbe wa mistari sita, ndio mrefu kuliko yote aliyowahi kuniandikia.

Kabla sijawaandikia wenye ile programu, nilitaka kuwa na hakika. Nikachora kile kisanduku kwenye karatasi mara mbili. Cha kwanza kama kilivyo: swali, "Ghairi", "Sawa". Nikamwambia, "Mama, unataka picha ziendelee. Bonyeza." Kidole kikaenda "Ghairi", kikarudi "Sawa", kikaenda tena "Ghairi", akanitazama. Cha pili nikaandika "Acha kutuma" na "Endelea kutuma". Akagusa "Endelea" kabla sijamaliza kuuliza, akaniambia, "Hiki kinaeleweka, kile cha kwanza kina maneno mengi ya nini?" Cha kwanza ndicho chenye maneno machache, lakini nimemwelewa.

Karatasi zote mbili nimezipiga picha nikaziambatisha kwenye malalamiko, pamoja na maelezo ya Mzee kuhusu "Umefuta" na ya Mama Wawili kuhusu kumtaja aliyefanya. Wamejibu kwamba wamepokea. Nitafuatilia.

Mfasiri Mkongwe, nimejiandikisha pia kutafsiri programu moja huria, nimemaliza vipande 40. Nimekwama kwenye kimoja: faili "limefutwa" au "imefutwa"? Wenzangu wanasema faili, faili, ngeli ya I-ZI. Mama anasema faili, mafaili, kwa hiyo limefutwa, na hataki kusikia jingine. Hapa kitu chenyewe kinajifuta baada ya siku 30, hakuna mtu wa kumtaja. Unaandikaje?

Mfasiri_Mkongwe:

"Siku 30 zimekwisha. Faili halipo tena." Nimekuwa nikiandika li-, kama mama. Wa I-ZI wataandika haipo, na nimegombana nao tangu zamani. Lakini angalieni kwanza programu yenu imechagua lipi mahali pengine, mkalifuata hilo kotekote.