Je, mwanamke mmoja wa Antioquia anatosha kuthibitisha kinga ya Alzheimer?

Kalamu Butu: Huko Antioquia, Kolombia, ziko familia zilizorithishana badiliko la jeni PSEN1 ambalo huwaletea watu Alzheimer, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, wakiwa na miaka arobaini na kitu. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya mwanamke mwenye badiliko hilo ambaye kumbukumbu zake hazikuanza kupotea hadi alipovuka umri wa miaka sabini, na ikadaiwa kwamba alikingwa na badiliko jingine, adimu sana, la jeni APOE, liitwalo Christchurch, alilolirithi kwa baba na kwa mama. Nasema mtu mmoja hatoshi, na wanaoshangilia wamesoma vichwa vya habari tu.

Pwani Moja: Ahsante kwa kunitukana kabla hatujafahamiana. Mimi niliisoma habari yote: ubongo wake ulijaa kupita kiasi amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mwenye Alzheimer, ilhali tau, ile protini inayoandamana na kufa kwa seli za ubongo, ilikuwa kidogo. Hiyo si bahati nasibu.

Kalamu Butu: Umejuaje kuwa si bahati, na uliyemwona ni mmoja?

Mjukuu wa Fundi: Kama sikosei, mwaka 2024 walichapishwa watu 27 wa familia hizo wenye nakala moja ya Christchurch, yaani waliyoirithi kwa mzazi mmoja tu, ambao dalili ziliwaanza kwenye miaka 52 hivi badala ya 47. Ninalojiuliza ni kama familia zenyewe zimeambulia chochote zaidi ya kuchomwa sindano na kutoa ubongo wa marehemu wao.

Bi Hawaa: Neno hilo limenichoma, ndugu yangu, kwa sababu namuuguza mama yangu kwa maradhi hayahaya. Daktari Francisco Lopera alizifuata familia hizo tangu miaka ya 1980, vita vikiendelea nchini, nazo zikashiriki kwa hiari. Usiwafanye mifugo.

Mjukuu wa Fundi: Sikuwaita mifugo, Bi Hawaa. Jaribio la dawa ya krenezumabu lililofanywa kwao lilitangazwa mwaka 2022 kuwa halikuleta nafuu ya maana, na kwa miaka mingi washiriki hawakuambiwa nani ana lile badiliko la PSEN1 na nani hana.

Bi Hawaa: Ungeambiwa ukiwa na miaka 20 kwamba ukifika 45 utawasahau wanao, na dawa hakuna, ungeifanyia nini habari hiyo?

Pwani Moja: Ningeandika wosia mapema, nikingali na akili zangu, na huenda nisingezaa. Mtu akininyima habari ya mwili wangu kwa kunihurumia, bado amenidhulumu.

Kalamu Butu: Swali langu mmeliacha njiani. Hao 27 ni afadhali kuliko mmoja, nakubali shingo upande. Lakini kuchelewesha maradhi kwa miaka mitano si sawa na kuyazuia kwa miaka thelathini.

Pwani Moja: Mwulize Bi Hawaa kama angeikataa hiyo mitano.

Bi Hawaa: Msinigeuze hoja yenu. Mama yangu ameanza kuugua akiwa na miaka 81, na jeni ya Antioquia haimhusu.