Kisu cha kukunja cha kazi ya chomboni: tundu, kinundu, pezi au kucha?

Nahodha_Shela
Assalaam aleikum jamaa. Kisu changu cha kukunja kimelegea pale bapa linapoungana na mpini. Nikikaza skrubu kinagoma kufunguka, nikiilegeza bapa linacheza. Natafuta kingine. Tusianze na habari za chapa ipi bora, maana hapo hatutamaliza hadi kaskazi irudi. Ninachotaka tulinganishe ni namna ya kukifungua, kwa mtu ambaye kazi yake iko majini.

Mimi hupeleka wageni kwa mashua huku Lamu, Manda Toto na Kipungani, na wasipokuwepo navua kwa mshipi. Mara nyingi mkono mmoja umeshika demani, ile kamba ya tanga, au usukani, na huo uliobaki umejaa ute wa samaki. Aina nilizowahi kuzishika naziona hivi.

Kucha: ule mfuo mdogo ubavuni mwa bapa, kama wa visu vyekundu vya Uswisi. Karakana iliyozaa Victorinox ilifunguliwa 1884 na mtindo huu bado wanao, lakini unadai mikono miwili, na kucha iliyolowa tangu alfajiri hujipinda kabla springi ya mgongoni haijaachia. Vingi pia havina loki ya kulizuia bapa lisijikunje. Kwa kumenyea embe, sawa.

Kinundu: kile kichuma kidogo kinachotokeza ubavuni, unakisukuma kwa dole gumba. Kinafanya kazi, ila hunasa uzi wa nyavu, na siku ya kunoa kinagonga jiwe kabla hujamaliza makali.

Tundu: Mmarekani Sal Glesser wa Spyderco alilitia kwenye kisu chao cha kwanza cha kukunja, 1981, pamoja na klipu ya mfukoni. Hakuna cha kulegea wala cha kunasa. Ukilikandamiza kwa dole gumba, nyama ya kidole inazama kidogo ndani na ukingo wa tundu unaishika, hata ute ukiwepo. Unasukuma kwa mwendo mmoja, basi. Ubaya wake ni ile nundu ya bapa inayobaki nje. Kisu kinakuwa kipana mfukoni.

Pezi: kile kipande cha bapa kinachochomoza nyuma ya mpini. Unakivuta kwa kidole cha shahada na kisu kinaruka. Tamu sana. Lakini vingi vya namna hiyo vinazungukia beringi za gololi, na mchanga wa Shela mnaujua.

Springi: unaanza kusukuma wewe, springi inamalizia. Sina haja nayo.

Kwangu tundu linaongoza. Nipingeni.

Fundi_Langoni
Wa aleikum salaam nahodha. Mimi ni wa nchi kavu, nachonga milango na masanduku, na nakupinga nusu. Mikono miwili si kasoro ikiwa kazi yenyewe imetulia juu ya meza. Changu ni Opinel namba 8, cha Ufaransa, bapa sentimita 8.5. Unafungua kwa kucha, halafu unazungusha pete ya chuma iliyoko shingoni. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza huko Savoie 1890, pete ikaja 1955. Nakitumia kukwaruza mstari wa nakshi kabla ya kutia patasi, na pete ikishazungushwa bapa halitikisiki. Za siku hizi zinafunga hata kisu kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo hakifunguki chenyewe.

Ila chomboni usikipeleke. Mpini ni mti mtupu, ukinyonya maji unavimba na kulibana bapa. Mvua za masika zikishika, kisu kinakataa katakata. Watu wa Savoie wenyewe wana dawa yake: unapigiza kitako cha mpini juu ya meza, bapa linachomoza kidogo, unalivuta. Mke wangu hapendi. Meza ni yake.

Shoto_Malindi
Mnasema kufungua, kufungua. Kufunga je?

Mimi natumia mkono wa kushoto, na hapo ndipo mambo huharibika. Pezi halichagui mkono, sawa, lakini angalia loki. Visu vingi vya pezi vina kile kibati cha ndani kinachojipenyeza nyuma ya bapa, na kimewekwa kwa dole gumba la kulia. Mimi kukisukuma lazima nigeuze mkono mpaka nionekane sina akili. Halafu hata kwa nyinyi wa kulia: ukishakisukuma, kidole chako kimekaa kwenye njia ya bapa linaloshuka. Chombo kikiyumba wakati huo?

Ndiyo maana naona loki ya kijiti cha kukingama, ile ambayo Benchmade waliitoa 1998 kwa jina la Axis na sasa wengine wanazo za kwao, inafaa zaidi. Kijiti kinatokeza pande zote mbili. Unakivuta nyuma kwa vidole viwili, bapa linaachia, na hakuna kidole njiani. Tena ukikivuta kisu kikiwa kimekunjwa unaweza kukifungua kwa kutikisa kifundo cha mkono tu, bila tundu wala kinundu. Loki ya mgongoni ya kizamani, kama ya Buck 110 ya miaka ya 1960, nayo haijali kulia wala kushoto, lakini kuifunga kwa mkono mmoja ni kazi.

Kwa hiyo nahodha, tundu sawa, lakini ulizia tundu pamoja na loki gani.

Kijana_Gereji
Wazee wangu, pezi ndilo tamu. Niko gereji hapa Malindi, mikono ina grisi kutwa nzima. Kidole cha shahada hakitelezi kwa sababu unavuta kuelekea kwako, husukumi. Na ile "tak!" ikifunguka, wacha bwana. Nusu ya raha ya kuwa na kisu ni hiyo.

Beringi mnaziogopa bure. Bisibisi ya nyota, unafungua, unaosha kwa petroli kidogo, tone la mafuta ya cherehani, unarudisha. Chai haijapoa.

Nahodha_Shela
Kijana, gereji ina meza na taa. Mimi nikifungua hicho kisu mashuani gololi zitaishia kwa samaki, kina changu na tafi. Zile wosha bapa, visahani vya shaba au vya nailoni vinavyokaa mahali pa beringi, hazina mashimo ya kuficha mchanga. Nakichovya kwenye ndoo ya maji matamu, nakifungua na kukifunga humo humo, nakianika. Basi. Ila hoja yako ya kuvuta badala ya kusukuma nimeiona, sikuwa nimeifikiria hivyo.

Mafuta ya cherehani nakuunga mkono. Humu mjini wapo wanaotia mafuta ya nazi. Msimu wa baridi huganda na kushika vumbi.

Bi_Mayungu
Naona mnaongea wanaume watupu, na kila kisu kina mfuko wa suruali. Mimi nanunua samaki ufukweni na kuuza mjini Malindi. Nina buibui, sina mfuko, klipu nitaibana wapi? Kisu changu kinakaa kwenye mkoba pamoja na simu, hela na daftari la madeni. Nikiingiza mkono kutafuta chenji, sitaki kukutana na kisu kilichojifungua.

Kwa hiyo springi kwangu ni haramu kabisa, na pezi nalo lina mashaka, likigongwa na funguo linaweza kuanza kutoka. Kinachonifaa ni kile kigumu kidogo kufungua: kucha, au hiyo pete ya fundi. Nakata kamba za magunia, nafungua mifuko ya barafu, nachana ngisi mmoja mteja aone weupe. Hakuna anayenikimbiza, naweza kuweka kitu chini nikatumia mikono miwili.

Jambo jingine ambalo hamjaligusa: shombo linaingia wapi? Visu ambavyo mgongo wa mpini umefungwa kabisa, magamba yanajikusanya ndani na kesho mkoba wote unanuka. Chagua ambacho mgongo uko wazi, unaona mwanga ukipita kati ya pande mbili za mpini. Hicho unakipitishia maji yakatoka upande wa pili.

Shoto_Malindi
Bi Mayungu umetufunga mdomo. Hilo la mgongo wazi ni la maana kuliko nusu ya niliyoandika.

Ami_Matondoni
Nimesoma yote nikateka. Vijana wa yeo mna visu vya kujifungulia mabarazani. Kisu cha chomboni ni cha ala. Wachomoa, wakata, warudisha. Hakina loki wala skrubu. Nanga ikishuka na kamba ikakuzonga mguu, utakaa utafute tundu?

Nahodha_Shela
Shikamoo ami. Hapo sibishani nawe. Cha ala kipo, kimefungwa chini ya mlingoti, na kila anayepanda kazi nami namwonyesha kilipo kabla hatujatweka tanga. Lakini wageni wakiniona nimevaa kisu kiunoni wengine hawatulii, hasa wenye watoto. Hiki cha kukunja ni cha mwilini, cha kukata chambo na mshipi.

Ami_Matondoni
Marahaba. Ukisema hivyo nimekuelewa. Basi kitie kamba ya shingoni, maana hivyo vyenu vikidondoka baharini haviulizwi.

Msafiri_Mokowe
Nilete la upande mwingine. Nimo safarini mara kwa mara. Kwa ndege kutoka Manda kisu cha aina yoyote ni cha begi la kukabidhi, si la mkononi, hata kiwe kidogo namna gani. Kwa barabara ya Garsen kuna vizuizi vya usalama, na mizigo hukaguliwa. Kisu ulichokifungua taratibu kwa mikono miwili ukamwonyesha askari kinaonekana kifaa. Ukikirusha kwa pezi kikalia "tak!" mbele yake, kijana, utaeleza vizuri.

Tena msiwaombe wageni wa Kiingereza wawaletee vile vya kubonyeza kitufe bapa likaruka lenyewe. Kwao vimepigwa marufuku tangu 1959. Marekani nako walitunga sheria yao ya kuzuia biashara yake baina ya majimbo mwaka uliotangulia.

Kijana_Gereji
Na kile chenye ndoana juu ya bapa, cha Emerson? Unakichomoa mfukoni, ndoana inashika pindo la mfuko, kinatoka tayari kimefunguka. Hujafanya lolote.

Fundi_Langoni
Nahodha anavaa kikoi. Ndoana itashika nini?

Nahodha_Shela
Ikishika kikoi mbele ya wageni ndiyo nimemaliza kazi ya utalii.

Haya, nimepata ninachotaka. Natafuta cha tundu, wosha bapa, mgongo wazi kwa hisani ya Bi Mayungu, na kitobo cha kamba kwa amri ya ami. Loki ya kijiti nikiipata, nikikosa nitachukua ya mgongoni nizoee. Bapa nataka la H1, ule mchanganyiko wa chuma uliotiwa naitrojeni badala ya kaboni nyingi, ambao Spyderco walikuwa wakiutumia kwenye visu vyao vya Salt. Haushiki kutu kwa maji ya chumvi, ingawa nasikia makali ya bapa laini, lisilo na meno, huisha upesi ukilinganisha na vyuma vya bei hiyo. Kinoo ninacho.

Bi_Mayungu
Makali kuisha si neno. Chenye meno je, umekifikiria? Kwa kamba ya nailoni bapa laini huteleza.

Nahodha_Shela
Meno kwa kamba ndiyo, lakini kwa chambo yanachana nyama ya ngisi ovyo na samaki wadogo wanaibeba bila kugusa ndoana. Nitachukua laini.

Fundi_Langoni
Ukikipata nipitishie karakanani Ijumaa baada ya swala, nikijaribu kwenye mbao ya mkoko. Hilo tundu lako sijalishika hata siku moja.

Kijana_Gereji
Nami nitakuja na la pezi. Tuone nani atarudi na kisu cha mwenzake.