Nyumba ya Barabara ya 9, Ngamiani, Tanga

Kikundi: WAJUKUU WA NGAMIANI

JUMATANO

06:41 Dada Mwaju: Asalaam alaykum ndugu zangu. Wakubwa shikamooni. Dalali kanipigia jana usiku. Kuna mtu na mkewe wanatoka Arusha, wanakuja kuiona nyumba Jumapili saa nne asubuhi. Zimebaki siku nne. Naomba tusome wote, tusipitishe macho tu.

06:44 Dada Mwaju: Mnunuzi anaanza kuamua pale barazani, hajavua hata viatu. Baraza letu sasa hivi lina matairi mawili, meza iliyovunjika mguu na ndoo za saruji. Hemedi, wewe ndiye unayelala humo. Matairi yaondoke leo.

07:52 Hemedi: Shikamoo dada. Matairi siwezi, paka kazalia humo. Wana siku tatu hawa.

07:53 Dada Mwaju: Hemedi!

07:53 Hemedi: Wallahi. Wako wanne. [Picha]

07:58 Zuhura Maskati: Jamani mwenye baka usoni ni wangu 😍

08:01 Mama Rukia: Masha Allah

08:06 Dada Mwaju: Paka ahamishiwe uani na boksi lake. Turudi kwenye nyumba. Mchango tulikubaliana laki moja kila mmoja. Mpaka asubuhi hii wametoa wawili, mimi na Mama Rukia. Tuko kumi na tisa humu.

10:30 Dada Mwaju: ???

10:31 Dada Mwaju: Naona mmesoma.

12:47 Kaka Saidi: Waalaykum salaam. Nilikuwa juu ya paa la watu. Mwaju, umepanga kazi gani?

12:49 Dada Mwaju: Rangi nje na ukumbini, balbu mpya kila chumba, mbao zilizopigiliwa dirisha la ukumbi zitolewe mwanga uingie, gari la majitaka lije linyonye shimo. Na ule ukuta wa uani upakwe, unatisha.

12:58 Kaka Saidi: Ukuta wa uani usiupake. Nakuambia kama fundi, si kama kaka. Ule umepandisha chumvi toka chini. Ukiweka rangi juu ya chumvi, haimalizi mwezi itaota malengelenge na kubanduka. Na mnunuzi mwenye akili akiona nyumba nzima kuukuu halafu ukuta mmoja unang'aa, anauendea huohuo na kuugonga kwa vidole. Hapo mmeshamwambia pa kushusha bei. Kwangua lipu yote iliyooza mpaka tofali lionekane, uache upumue. Akiuliza, mwambieni ukweli, una unyevu, tumekwangua ukauke, lipu mpya itafuata. Mtu anasamehe ubovu alioonyeshwa. Aliofichwa hasamehi.

13:02 Dada Mwaju: Aone tofali tupu? Si atakimbia?

13:04 Kaka Saidi: Atakimbia harufu ya choo kwanza. Anza na shimo, leo si kesho. Halafu madirisha yawe wazi siku zote nne, vyumba vile vimefungwa tangu Ramadhani.

13:10 Mama Rukia: Na tufukize udi

13:11 Kaka Saidi: Udi baada ya shimo, mama.

13:15 Hemedi: Rangi ya mbele napendekeza ya Wagosi wa Kaya ✊ Babu mlango ule aliupaka mwenyewe mwaka 1988 Coastal Union ilipochukua ubingwa wa ligi

13:16 Juma Mabawa: Hapo sasa! Coastal!

13:16 Juma Mabawa: Mlango usiguswe basi, ni historia

13:19 Zuhura Maskati: Nakumbuka babu alivyokuwa anaficha redio chini ya mto bibi asisikie 😂

13:20 Hemedi: Bibi alikuwa anasikia, alikuwa anamwacha tu

13:24 Dada Mwaju: Jamani, nimeuliza habari ya shimo la choo. Gari nani anaita? Mlango utapigwa msasa na kupakwa mafuta tu, ni mbao nzuri, hauhitaji rangi yoyote. Rangi ya kuta ni nyeupe ya maziwa. Nimemaliza.

13:40 Kaka Saidi: Rangi ni sawa. Ila kabla sijaleta vijana wangu, nami niulize. Lile bati la mwaka 2011 gharama yake ikikatwa itakatwa kwa nani? Maana nyumba ikiuzwa kila mtu atakumbuka fungu lake, na aliyeiezeka hatakumbukwa.

13:42 Dada Mwaju: Kaka, si leo.

13:42 Kaka Saidi: Si leo tangu 2011.

13:45 Juma Mabawa: Kama ni hesabu basi na cherehani ya bibi iletwe mezani, tujue iliishia nyumba ya nani

13:46 Dada Mwaju: Juma unamlenga nani?

13:46 Juma Mabawa: Anajijua

13:47 Ujumbe huu umefutwa

13:49 Ujumbe huu umefutwa

16:20 Shangazi Bi Tatu: [Ujumbe wa sauti, 0:04]

16:33 Shangazi Bi Tatu: Sauti imekataa naandikiwa na mjukuu. Wanangu nyote marahaba. Mimi sikukataa nyumba iuzwe, nilisema siku ya arobaini na nasema tena. Ila chumba cha mama fundi asikanyage. Sanduku lake limo mle na kanga zake hazijagawiwa mpaka leo, kila mwaka mnaniambia shangazi tutakuja. Kitu cha marehemu hakisukumwi pembeni kupisha ndoo ya rangi. Mje wanawake wote tukae chini tugawe, ndipo chumba kifunguliwe. Na habari ya bati kaka yangu aliimaliza kwa kinywa chake, mimi ndiye niliyemshikia glasi ya maji. Saidi mwanangu unajua. Cherehani ninayo mimi.

17:15 Kaka Saidi: Nimekusikia shangazi. Nisamehe.

17:40 Mama Rukia: Tumesikia

18:22 Juma Mabawa: Nisamehe shangazi. Sikujua.

20:05 Dada Mwaju: Tumekusikia shangazi, na haki yako. Lakini naomba ruhusa niseme. Mnunuzi akikuta chumba kimefungwa atadhani tunaficha ufa, au kuna mtu amegoma kutoka. Je, tukifungua dirisha tu bila kugusa sanduku?

21:36 Baba Mdogo Athumani: Nimetoka safari. Mwaju ahsante kwa kuhangaika. Barua ya usimamizi wa mirathi ninayo, lakini hati bado inasoma jina la mzee. Wakienda kufanya upekuzi ardhi watamkuta marehemu. Lazima jina lije kwangu kama msimamizi kwanza, na deni la kodi ya ardhi lilipwe kabla ya hapo. Kodi ya jengo haina shida, inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Msiahidi tarehe ya kukabidhi. Msipokee hata shilingi ya kushika nyumba. Na risiti za EFD, zile za mashine, za rangi, saruji, gari la majitaka, zote nitunzieni. TRA wanachukua 10% ya faida, na matengenezo yasiyo na risiti hawayahesabu.

21:38 Baba Mdogo Athumani: Yule fundi cherehani wa fremu ya mbele kaambiwa? Mtu kakaa na sisi miaka tisa, asije akasikia kwa dalali.

21:41 Dada Mwaju: Bado baba. Nilidhani Hemedi kamwambia.

21:50 Hemedi: Nilidhani dada kampigia

ALHAMISI

00:14 Zuhura Maskati: Ndiyo natoka kazini. Nimetuma laki mbili, moja ya mchango, moja ya nauli ya shangazi kutoka Pangani. Mimi siwezi kufika kugawa. Shangazi, kama kuna ile kanga ya kisutu bibi aliyokuwa akijifunga Ijumaa, naomba niwekewe. Kama kuna mwenye haki zaidi apewe yeye.

06:20 Shangazi Bi Tatu: Ipo

06:35 Dada Mwaju: Ahsante Zuhura. Wanawake wa Tanga na Muheza, nani anaweza kufika Ijumaa jioni? Andikeni majina hapa tumjibu shangazi.

09:10 Hemedi: Gari la majitaka limefika, linanyonya. Vijana wa Saidi wameanza kukwangua uani. [Picha] Paka yuko salama jikoni

09:12 Dada Mwaju: Risiti!

09:13 Hemedi: Ninayo

11:48 Dada Mwaju: Majina jamani. Nina mimi na Mama Rukia.

14:02 Kaka Saidi: Mwaju, vijana wanamaliza ukumbi kesho mchana. Wakifika mlango wa chumba cha bibi waendelee au wasimame? Na ufunguo wake nani anao?