Mama hageuki kitandani na kidonda kimeanza kifanduguni, tufanyeje? Na binti wa kazi apelekwe kozi gani?

Mkazi wa Tabata

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Bi mkubwa wangu alipigwa stroku, upande wote wa kulia umelala. Presha ilipotulia hospitali wakampa ruhusa, karudi na mpira wa puani wa kulishia na mpira wa mkojo. Kuongea hawezi, anatoa sauti tu. Siku ya kutoka nesi alituelekeza tumesimama koridoni, mara mgeuzeni, mara mnyanyueni kichwa, huku dereva anapiga honi nje, hakuna aliyeshika kitu. Nyumbani tupo mimi, mke wangu na binti wa kazi, ndugu wengine wanakuja Jumapili na machungwa wanakaa wanaondoka (machungwa yenyewe mgonjwa analishwa kwa mpira).

Sasa juzi mke wangu anambadilisha pampasi akaona pale kwenye kifandugu ngozi imekuwa nyeusi kuliko kawaida, ukigusa ni ya moto, na katikati pamechubuka. Majirani kila mtu dokta. Mmoja anasema pakeni spiriti pakauke, mwingine vunjeni kapsuli mmwage unga wake, mwingine kaleta asali, shemeji kanunua lile ringi lenye tundu katikati la kukalia. Nimechanganyikiwa.

Halafu huyu binti ana moyo sana ila anaogopa kumgusa. Kuna sehemu huku mtaani wanatangaza kozi ya unesi miezi mitatu na ada sio ndogo. Nimpeleke au nitafute nesi wa kuja nyumbani? Naombeni waliopitia haya mnisaidie, kutishwa nimeshatishwa vya kutosha.

Sista Mstaafu

Marahaba mwanangu, pole na uuguzaji. Nimefanya kazi wodi za magonjwa ya ndani mpaka nastaafu, kwa hiyo hivyo vidonda nimeviosha sana.

Anza kwa kuweka pembeni spiriti, unga wa kapsuli na ringi. Spiriti inaua nyama mpya inayojaribu kuota. Kapsuli imetengenezwa imezwe, ukimwaga kwenye kidonda inaganda juu na uchafu unabaki chini. Na ringi ndio baya kuliko yote, linabana mzunguko wake wote na pale katikati damu inafika kwa shida. Asali ya kutibia vidonda ipo lakini ni ile iliyoandaliwa kwa kazi hiyo, sio ya kwenye chupa ya maji ambayo hujui imepita kwa nani.

Kidonda hicho hakijaletwa na uchafu, muelewane hapo na mkeo asije akajiona mvivu. Mfupa unakandamiza nyama kwenye godoro, damu haipiti, nyama inaanza kufa kuanzia ndani. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kumtoa pale. Kila masaa mawili anageuzwa, ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia, ila kwa sasa kulala mgongo acheni kabisa mpaka pale papone. Na msimlaze ubavu moja kwa moja mpaka alalie mfupa wa nyonga, mwinamisheni kidogo tu, mto nyuma ya mgongo, mto katikati ya magoti, na mto mwingine chini ya vigimbi ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Visigino watu wanavisahau sana. Bandikeni karatasi ukutani muandike saa na upande, aliyegeuza atie sahihi, bila hivyo kila mtu atasema mwenzie ndio kageuza.

Kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri kuona wekundu. Kagua kwa mkono kila ukimgeuza, kisogo, masikio, mabega, viwiko, nyonga, kifandugu, visigino. Pakiwa pa moto, pagumu au rangi imeiva kuliko pembeni yake, ujue pameanza. Usipasugue wala kupakanda, unazidi kuchana nyama ya ndani.

Hapo palipochubuka chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko cha chai ambacho hakijajaa, yapoe, safisha taratibu, funika na gozi safi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda). Ila kidonda kionwe na nesi wa kituo cha afya wiki hii hii. Pakianza kunuka, kutoa usaha, pakiwa na gamba jeusi au akipata homa, usingoje wiki, peleka hospitali siku hiyo hiyo, na gamba usilibandue mwenyewe. Na chakula kiwe na protini, kidonda hakizibi kwa uji mtupu.

Shangazi wa Mbagala

Sista kamaliza mimi naongezea ya nyumbani tu maana nimemuuguza mume wangu kwenye hili joto la Dar. Godoro la hewa lile la mota linasaidia kweli, yapo maduka ya vifaa tiba Kariakoo na karibu na Muhimbili, lakini uliza kwanza umeme ukikatika linakaa na upepo au linasinyaa, mengine yakisinyaa mgonjwa analala juu ya chaga na nyie mmelala mnadhani godoro linafanya kazi, kwa hiyo chini yake acha godoro la kawaida. Na kuwa nalo haimaanishi kugeuza mmesamehewa.

Ule mpira wa kutandika kitandani kuzuia godoro lisilowe usiguse mwili, tandika shuka la pamba juu yake, jasho likikaa ngozi inalainika inachubuka haraka. Pampasi mchana wa joto mfungulie apate hewa, weka kanga chini yake, pampasi mfunge usiku au mkiwa na wageni. Akijisaidia safisha saa hiyo hiyo kisha paka mafuta mazito au ile krimu ya zinki.

Kumsogeza msimburute. Kunja shuka kipande kikae toka mabegani mpaka mapajani, wawili mnashika huku na huku, mnahesabu moja mbili tatu mnanyanyua. Mkono uliolala usiutumie kumvutia hata siku moja, bega linachomoka.

Mkazi wa Tabata

Asanteni sana aisee, ringi limeshatoka. Ila nesi alisema kichwa kiwe juu muda wote kwa ajili ya mpira wa puani, tukimuweka juu anateleza anaishia miguuni kwa kitanda. Na usiku tunageuzaje kila masaa mawili wakati asubuhi nawahi mwendokasi?

Sista Mstaafu

Hapo panabana watu wengi. Wakati wa kumlisha mnyanyue nyuzi 30 mpaka 45, abaki hivyo nusu saa mpaka saa zima baada ya kula ili chakula kisirudi kikaingia mapafuni, halafu mteremshe lakini usimlaze flati, 30 inatosha. Ukimuacha amekaa juu kutwa anateleza, na anavyoteleza ngozi ya kifandugu inabaki kwenye shuka huku mfupa unashuka, ndio inachanika. Kunja magoti yake kidogo kwa mto atulie. Kama kitanda chenu sio cha kunyanyuka, pindueni kiti cha plastiki juu ya kitanda upande wa kichwani, mgongo wa kiti uelekee mgonjwa, mito juu yake, tumefanya hivyo miaka yote.

Mpira wenyewe, kabla ya kulisha angalia ile alama ya puani ipo pale pale. Akikohoa sana, akihema kwa shida au alama imesogea, usiweke kitu. Uji chuja, pitisha maji safi kabla na baada, dawa saga pembeni na sio kuchanganya na uji, na kuna vidonge havisagwi kwa hiyo uliza mfamasia. Ukichomoka msirudishe wenyewe. Ule wa mkojo, mfuko ukae chini ya kiuno bila kugusa sakafu, na muulize ni wa aina gani, wa kawaida haupiti wiki 4 na wa silikoni unaweza kufika wiki 12.

Usiku gawaneni zamu. Mkeo ageuze saa nne, wewe saa sita, binti saa nane, na wale wa machungwa waambie wachague usiku mmoja mmoja waje kulala. Ndugu akipewa zamu iliyoandikwa anakuja, akiambiwa "karibuni kumuona" ataleta matunda.

Na kitu kimoja, kiharusi cha upande wa kulia kimegusa ubongo wa kushoto, maneno yapo huko kwa watu wengi. Kutoongea sio kutosikia. Msijadili gharama za hospitali juu ya kitanda chake. Mkimgeuza mwambieni kwanza, na muangalieni uso, akikunja uso anawaambia panauma.

Dogo wa Upanga

Nipo chuo nasoma unesi, nijibu la kozi. Miezi mitatu haikufanyi nesi. Ngazi ya cheti ni miaka miwili, diploma mitatu, chuo kiwe kimesajiliwa NACTVET (baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi) na ukimaliza unasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga ndio unapata leseni. Kwa hiyo hata huyo nesi wa kuja nyumbani muombe leseni usione aibu, mwenye nayo hachukii.

Binti hahitaji unesi, mkuu, anahitaji vitu vichache avifanye kwa mkono huku mtu anamuangalia, kugeuza, kuosha kinywa, kulisha kwa mpira, kunawa mikono, kukagua ngozi. Sisi wenyewe tunaanza kwa mdoli na bado ukifika wodini kwa mgonjwa mzito mikono inatetemeka, kwa hiyo uoga wake ni wa kawaida. Siku mkienda kliniki mpeleke na yeye, muombe nesi amuoneshe, kisha yeye arudie mbele ya nesi. Kuelekezwa na kurudia ni vitu viwili tofauti na wodi zikijaa hicho cha pili ndio kinarukwa. Mtu wa fiziotherapia pia awafundishe kunyoosha viungo, msisubiri mpaka vidole vijikunje. Hiyo ada mlipeni nesi mwenye leseni aje mara chache awafundishe wote watatu, na binti muongezeeni mshahara maana kazi yake imebadilika.

Kijana wa Kigogo

Samahani nachomekea, mzee wangu ana saratani na yeye hanyanyuki, maumivu usiku hatulali. Huo utaratibu wa kugeuza unamfaa? Tukimgusa analia.

Sista Mstaafu

Unamfaa, ila maumivu yatulizwe kwanza. Nenda Ocean Road, hospitali ya saratani, ulizia huduma shufaa (ya kutuliza maumivu ya mgonjwa mzito), wanatoa mofini ya maji ya kunywa, dawa kali ya maumivu. Inanywewa kwa kufuata saa, kwa kawaida kila masaa manne, haingoji mpaka alie. Mpeni kama walivyoandika, na mgeuzeni kama nusu saa mpaka saa zima baada ya dozi. Inafunga choo kwa hiyo waambie wakupe na dawa ya kulainisha siku hiyo hiyo.

Mkazi wa Tabata

Karatasi ipo ukutani, saa nne usiku imeshatiwa sahihi. Kituo cha afya tunaenda kesho na binti anakuja. Sista, kinywa chake tunakiosha na nini? Mswaki tunaogopa, mate hamezi vizuri.

Sista Mstaafu

Mlaze ubavu, taulo chini ya shavu. Mswaki laini wenye maji kidogo tu, au gozi uliyoizungushia kidoleni kama hang'ati, meno, fizi, ulimi na ndani ya mashavu, angalau asubuhi na jioni. Maji yatoke yenyewe kwenye taulo, usimmiminie. Midomo paka mafuta.