Naomba ushauri: tumebanana kwenye masafa ya WiFi hapa Chikongola

Habari za jioni wakuu. Nauza vocha za WiFi Chikongola, Mtwara mjini, shilingi 500 kwa siku. Mwanzo nilikuwa peke yangu na mambo yalikwenda. Sasa mtaa mmoja tuko wauzaji watatu, kila mmoja na ruta yake juu ya paa. Ikifika saa mbili usiku video inazunguka tu, wateja wananirudishia vocha mkononi.

Nimepima kwa simu: sote tumerundikana kwenye gigahezi 2.4, moja ya bendi za masafa ya WiFi. Pale chaneli (vipande vya masafa) zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na humo humo imo Bluetooth. Masafa haya hatuyalipii kama kampuni za simu zinavyolipia yao, ndiyo maana kila mtu anaiongezea ruta yake nguvu ya mawimbi na hasara anabeba jirani. Mimi nilipandisha, jirani naye akapandisha, tukarudi palepale. Inaniuma, maana mtaji huu ni hela ya korosho za mama.

Bendi nyingine, gigahezi 5, ina nafasi zaidi, ila mawimbi yake hayapenyi kuta vizuri, na simu nyingi za bei rahisi za wateja wangu haziishiki kabisa.

Mliopitia hili, niwaite wenzangu tugawane chaneli? Akivunja mmoja makubaliano tutambana vipi? Au tuunganishe mitaji tuwe na mtandao mmoja, tugawane mapato? Moyo unaelekea huko, ila hesabu za ubia zinanitisha. Mliwahi kuandikishana vipi?