Pack au back? Sikio langu halitofautishi

Karani wa Mapokezi:
Wakuu, naomba msaada. Nimelelewa kwa Kinandi na nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli hapa Eldoret. Mgeni akisema "pack" nasikia "back", na "cab" kwangu ni sawa na "cap". Shuleni tulifundishwa kuweka vidole kooni tusikie mtetemo, lakini siwezi kumshika mgeni koo. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Likoni:
Ndugu yangu, sikio lako halina kasoro. Kinandi hakitenganishi P na B. P ikikaa katikati ya irabu hulainika yenyewe ikakaribia B, na maana haibadiliki.

Mambo ya vidole kooni yaache kwanza. Waingereza wengi wakianza neno kwa B, koo halitetemi sana. Kinachotenganisha ni pumzi. Shika karatasi nyepesi mbele ya midomo useme "pack": lazima iruke. Sema "back": itulie. Sisi wa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, tunalo jambo hilohilo: P ya paa la nyumba haina pumzi, ya paa wa porini inayo, ijapokuwa tunaandika sawa. Angalia tu "spin", maana P ikitanguliwa na S pumzi hupotea.

Mwisho wa neno ndipo wengi hukwama. Hapo usiisikilize konsonanti, kwa kuwa mara nyingi midomo hufungwa tu bila kuachia. Sikiliza irabu! Kwenye "cab" inavutwa, kwenye "cap" inakatwa. Ni vivyo hivyo "bag" na "back", "seed" na "seat".

Mpokea Simu, Nairobi:
Niongezee upande wa simu. Laini ya kawaida hupitisha masafa ya takriban hezi 300 hadi 3,400 tu, kwa hiyo S na F hupoteza ukali na kufanana hata kwa Mwingereza mwenyewe. Majina ya wageni yathibitishe herufi kwa herufi: B ya Bravo, P ya Papa, F ya Foxtrot, S ya Sierra.

Karani wa Mapokezi:
Asanteni sana. Mwalimu, T na D nazo ni pumzi?

Mwalimu wa Likoni:
Ndiyo, na K na G pia. Andika jozi kama "ten" na "den", "coat" na "goat". Mwenzako akusomee akizichanganya, nawe umempa mgongo, uandike unachosikia. Fanya hivyo kabla ya kujisumbua na kutamka.