Vita ikianza, taarifa za serikali mnazipimaje?

Sikio_Wazi:
Wakuu, heshima zenu. Kila vita ikianza, msemaji wa jeshi hana jipya: adui kapigwa, sisi tuko imara. Siku hizi hata hajamaliza kusoma nishamkatalia. Ila nikikataa kila kitu, nabaki na video za mitandaoni zisizojulikana zimetoka wapi. Nyie mnafanyaje?

Mzee_wa_Mawimbi:
Mkuu, mimi naanza na hasara. Jeshi likificha linakoelekea kesho, sina ugomvi nalo. Lakini meli ikishazama, aliyeizamisha anajua. Anayefichwa ni mama wa baharia, na hilo linaniuma sana. Aprili 2022 meli ya kivita ya Urusi, Moskva, ilipozama Bahari Nyeusi, Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilisema ni moto uliolipua silaha, mabaharia wameondolewa, meli ikazama ikivutwa kwenye dhoruba. Ukraine ikasema tumeipiga kwa makombora. Siku nane baadaye wizara ikakiri mmoja kafa, 27 hawajulikani walipo. Wazazi walikuwa wameshaanza kuwatafuta watoto wao wenyewe na kuuliza hadharani. Mzazi huyo utamwambia nini tena aamini?

Nuru2:
Si Urusi pekee. Juni 1940 Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alizuia habari za kuzama kwa meli ya Uingereza Lancastria, maelfu wamekufa. Waingereza walikuja kuzisoma magazetini mwishoni mwa Julai.

Mzee_wa_Mawimbi:
Kweli kabisa Nuru2. Na ushindi wa kubuni una madhara yake. Tarehe 5 Juni 1967 ndege nyingi za kivita za Misri ziliteketezwa asubuhi zikiwa chini viwanjani, huku redio ya Cairo ikihesabu ndege za Israeli zilizotunguliwa. Watu wakashangilia mitaani. Tarehe 9, baada ya kushindwa vitani, Rais Nasser wa Misri akatangaza kujiuzulu.

Sikio_Wazi:
Nimekuelewa mzee wangu. Na zile video?

Mzee_wa_Mawimbi:
Zipime vilevile, hazina utakatifu. Mimi natafuta taarifa inayomuumiza anayeitoa: jeshi likikiri limepoteza mji, hiyo naichukua haraka. Likidai kuua mamia, nasubiri. Halafu naangalia kama waandishi wameruhusiwa kufika. Wakizuiwa kwa wiki nzima mahali panaposemwa ni shwari, siiamini, hata isomwe na waziri mwenyewe.